Vileo ndani ya sanduku: Sheria nne zinazomngoja msafiri wa ndege na meli

ABIRIA anayeondoka Nairobi kwa ndege kwenda kupanda meli ya kitalii ng'ambo anaruhusiwa kutia vileo ndani ya sanduku lake. Hata hivyo, chupa hiyo hupimwa kwa sheria nne tofauti kabla ya kufunguliwa: sheria ya usalama wa ndege, ya forodha, ya nchi atakayoingia na ya meli yenyewe. Kila moja ina sababu yake na kipimo chake. Chupa iliyopita salama katika lango la kwanza huweza kunaswa katika lango la tatu, na mwenye sanduku akatozwa faini au kutiwa korokoroni kwa ajili ya zawadi ya shilingi mia chache.

Suala hili haliwahusu matajiri peke yao. Wakazi wa Lindi, mojawapo ya vijiji vinavyounda mtaa wa Kibera, pamoja na wenzao wa Kawangware, ni miongoni mwa Wakenya wanaopitia Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta (JKIA) wakienda kufanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba, au kuhudumu jikoni na vyumbani katika meli za kitalii. Hao ndio walio hatarini zaidi. Mtalii akipokonywa chupa hupoteza kinywaji, lakini mfanyakazi akipatikana nayo mahali pasipofaa huweza kupoteza ajira ambayo jamaa zake walikopa ili aipate.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na ni desturi msafiri kumpelekea mwenyeji wake kitu cha nyumbani. Swali ni kitu gani, kimefungwa vipi, na kinapelekwa wapi.

Kipimo cha ndege

Kanuni za kubeba vitu vya hatari angani hutolewa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), lililoanzishwa kwa Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944. Mashirika ya ndege duniani huzifuata, na baadhi huongeza masharti yake.

Kanuni hizo huvigawa vileo katika mafungu matatu kulingana na nguvu yake. Kinywaji chenye kiwango cha pombe kisichozidi asilimia 24, kama vile bia na mvinyo wa kawaida, hakiwekewi kikomo cha usalama. Abiria huzuiwa tu na uzani wa mzigo wake. Kinywaji kinachozidi asilimia 24 lakini kisichopita asilimia 70, ambalo ndilo fungu la wiski, vodka, jini, ramu na konyagi, kinaruhusiwa kufikia lita 5 kwa kila abiria, na lazima kiwe katika chupa ya dukani. Kinywaji kinachozidi asilimia 70 hakiruhusiwi kabisa, sandukuni wala mkobani. Ndiyo sababu ramu ya Austria iitwayo Stroh 80, au pombe safi ya Poland yenye asilimia 96, huuzwa dukani kihalali lakini haziwezi kusafiri na abiria.

Sababu ni moto. Pombe yenye asilimia 40 hutoa mvuke unaoweza kuwaka joto linapofika takriban nyuzi 26 za Selsiasi. Kadiri nguvu inavyoongezeka, ndivyo mvuke huo unavyopatikana katika joto la chini zaidi, hata lile la mchana wa kawaida wa Nairobi. Chupa ikivunjika katika tumbo la ndege, palipo na nyaya na betri za vifaa vya abiria, hatari yake ni dhahiri.

Hesabu ya lita 5 ni nyepesi. Chupa 5 za lita moja zinatimiza kikomo. Chupa 6 za mililita 750 hufanya lita 4.5, nazo zinaruhusiwa. Ya saba hupitisha kipimo. Mke na mume wanaosafiri pamoja wana kikomo chao kila mmoja. Abiria akumbuke pia mizani: chupa moja ya lita, pamoja na kioo chake, hukaribia kilo moja na nusu, na mashirika mengi huruhusu kilo 23 kwa sanduku moja. Chupa 5 huweza kula theluthi ya uzani huo.

Chang'aa ya Lindi na kikwazo cha lebo

Maneno mazito zaidi katika kanuni hiyo ni "chupa ya dukani". Maana yake ni chombo kilichofungwa na mtengenezaji, chenye lebo inayotaja kinywaji, ujazo na kiwango cha pombe. Bila lebo, afisa wa uwanja wa ndege hana njia ya kujua kama kilicho mbele yake kina asilimia 30 au 80. Hapo ndipo safari ya chang'aa inapokoma, hata kabla ya kuuliza kama ni halali.

Kibera ina historia ndefu na kinywaji hiki. Askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles, wenye asili ya Sudan, walipewa makao humo na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa karne ya 20, na jina Kibera linatokana na neno lao kibra, yaani msitu. Nyakati hizo Waafrika walikatazwa kisheria kunywa pombe kali za Kizungu. Pengo hilo lilizibwa na wanawake wa Kinubi waliokeneka pombe kali iliyopata umaarufu Nairobi kote kwa jina la jini ya Wanubi. Polisi waliisaka, lakini wanunuzi hawakupungua, na mapato yake yaliwalisha na kuwasomesha watoto wengi.

Nchini Uganda, kinywaji cha ukoo huohuo kilifuata njia nyingine. Sheria ya Enguli ya mwaka 1965 iliweka utaratibu wa leseni kwa wapikaji, na pombe yao ikaanza kusafishwa kiwandani na kutiwa katika chupa zenye jina la Uganda Waragi. Kenya ilichukua mkondo wa marufuku. Sheria ya kupiga marufuku chang'aa ilipitishwa mwaka 1980 na kudumu miaka 30.

Matokeo ya biashara kufanywa gizani yalikuwa mauti. Mnamo Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walifariki katika mitaa ya Mukuru, Nairobi, baada ya kunywa pombe iliyochanganywa na methanoli, na wengine wakapofuka. Mwaka 2005, zaidi ya watu 40 walifariki Machakos kwa sababu hiyohiyo. Methanoli ni kemikali ya viwandani isiyotofautiana na pombe ya kawaida kwa rangi, na haitambuliki kwa ladha. Kiasi kidogo, hata kijiko kikubwa kimoja, chaweza kumpofusha mtu mzima. Dalili zake huchelewa, mara nyingi saa 12 hadi 24, hivyo mnywaji hulala akidhani amelewa tu. Mtindo wa kuiwasha pombe kwa kiberiti ili kuijaribu hauna msaada, kwa kuwa methanoli nayo huwaka.

Vifo hivyo vilichangia kubadilishwa kwa sheria. Rais Mwai Kibaki alitia saini Sheria ya Kudhibiti Vileo mnamo Agosti 2010, ikaanza kutekelezwa Novemba mwaka huo. Wengi huiita Sheria ya Mututho, kwa jina la John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha na mdhamini wa mswada wake. Sheria hiyo iliondoa marufuku ya mwaka 1980 na kuruhusu chang'aa itengenezwe, kwa sharti kwamba mtengenezaji awe na leseni, kinywaji kitimize viwango vya ubora, na kiuzwe katika chupa ya kioo isiyopungua mililita 250, yenye lebo na onyo la afya.

Kwa hiyo chang'aa si haramu kwa jina lake. Iliyo haramu ni ile inayopikwa bila leseni na kuuzwa kwa kikombe au kutiwa katika chupa ya soda. Hii haiwezi kuingia ndani ya ndege kwa sababu mbili: imevunja sheria ya nchi, na haina chombo kinachokubaliwa na kanuni za anga. Kinyume chake, abiria anayetoka Entebbe na chupa ya Uganda Waragi, au anayetoka Dar es Salaam na chupa ya Konyagi yenye asilimia 35, hana tatizo lolote katika lango hili la kwanza. Vinywaji hivyo ni ndugu kwa kazi yake. Kilichovitenga ni karatasi iliyobandikwa kwenye kioo.

Busaa, muratina na mnazi

Vinywaji vya kienyeji visivyokenekwa huleta tatizo tofauti. Busaa, inayotengenezwa kwa unga wa mahindi na kimea cha wimbi. Muratina, inayochachushwa kwa tunda la mwegea pamoja na asali au maji ya miwa. Na mnazi, utomvu wa mti wa mnazi, vyote vina nguvu ndogo isiyofikia asilimia 24. Kwa kipimo cha moto, havina kizuizi.

Tatizo ni kwamba bado viko hai. Chachu huendelea kula sukari na kutoa gesi muda wote wa safari. Chombo kikizibwa, gesi hukosa pa kutokea. Isitoshe, hewa ndani ya ndege ya abiria, na hata katika tumbo lake, hupunguzwa shinikizo hadi kufanana na ile ya mlima wenye urefu wa takriban mita 2,400. Gesi iliyobanwa hutanuka, kizibo hufyatuka, na nguo za msafiri pamoja na masanduku ya jirani hulowa. Mashirika ya ndege huweza kukataa mzigo unaovuja, na mwenyewe ndiye hubeba hasara. Vinywaji hivi ni vya kunywewa vilikotengenezwa.

Chupa za dukani hazina wasiwasi huo. Sehemu ya mizigo katika ndege za abiria huwa na shinikizo sawa na la vyumba vya juu, na baridi yake haitoshi kugandisha pombe kali, ambayo yenye asilimia 40 huganda chini ya nyuzi 25 hasi. Kinachovunja chupa ni kurushwa na kubamizwa kwa masanduku.

Sandukuni, si mkobani

Tangu Agosti 2006, polisi wa Uingereza walipogundua njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji, viwanja vingi vya ndege viliweka kikomo cha mililita 100 kwa kila chombo cha majimaji kinachoingizwa ndani ya ndege. Baadhi ya viwanja vimeanza kulegeza sharti hilo baada ya kupata mitambo mipya ya ukaguzi, ila msafiri wa zaidi ya ndege moja hawezi kutegemea kwamba vyote njiani vimefanya hivyo. Chupa iliyonunuliwa nje huwekwa katika sanduku linalokabidhiwa shirika la ndege.

Chupa inayonunuliwa katika duka lisilotoza ushuru, baada ya ukaguzi, huruhusiwa mkononi ikiwa imetiwa katika mfuko maalumu uliofungwa pamoja na risiti yake. Mfuko huo usifunguliwe kabla ya mwisho wa safari. Anayebadilisha ndege nchini Marekani huchukua masanduku yake katika uwanja wa kwanza wa kuingilia, na hapo hupata nafasi ya kuihamishia chupa sandukuni kabla ya ukaguzi wa pili. Asipofanya hivyo, huweza kuiacha kwenye pipa la takataka.

Lango la forodha

Kuruhusiwa na ndege hakumaanishi kusamehewa ushuru. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mujibu wa sheria yao ya forodha ya mwaka 2004, humsamehe abiria aliyetimiza miaka 18 lita moja ya pombe kali au lita 2 za mvinyo. Umoja wa Ulaya husamehe anayetoka nje lita moja ya pombe inayozidi asilimia 22, pamoja na lita 4 za mvinyo na lita 16 za bia, kwa aliyetimiza miaka 17. Uingereza, tangu Januari 2021, husamehe lita 4 za pombe kali. Marekani husamehe lita moja, na aliye chini ya miaka 21 haruhusiwi kuingiza hata tone.

Inavyoonekana, lita 5 za usalama wa ndege hazilingani na lita moja ya forodha. Mwenye chupa zaidi hana kosa akizitangaza na kulipa ushuru. Kosa ni kupita njia ya wasio na cha kutangaza huku sanduku likisema vingine. Hapo chupa hutaifishwa na faini hufuata.

Nchi zisizotaka chupa

Lango la tatu ndilo kali zaidi kwa wasafiri wa Kibera na Kawangware. Saudi Arabia ilipiga marufuku vileo mwaka 1952. Kuingiza chupa huko, hata moja na hata kwa asiye Mwislamu, ni kosa la jinai ambalo adhabu zake ni pamoja na kifungo, faini na kufukuzwa nchini. Duka lililofunguliwa Riyadh mwaka 2024 kwa wanadiplomasia wasio Waislamu halikuwapa wasafiri wengine ruhusa ya kuingiza vileo. Kuwait nayo huvikataza. Qatar huuza vileo katika hoteli zenye kibali, lakini humkataza abiria kuingia nazo, na mitambo ya uwanja wa Doha hukagua masanduku ya wanaowasili.

Majirani zao wamelegeza. Dubai humruhusu abiria mtu mzima asiye Mwislamu kuingia na lita 4, na Oman lita 2. Tofauti hizi humponza msafiri anayedhani nchi za Ghuba zina sheria moja.

Sanduku lililosajiliwa moja kwa moja hadi kituo cha mwisho kwa kawaida halipiti forodha ya nchi ya katikati. Lakini ndege ikichelewa, abiria akalazimika kuchukua sanduku lake na kulala mjini, sheria ya nchi hiyo humshika papo hapo. Anayepitia nchi yenye marufuku ni heri asibebe kabisa.

Jambo la pili ni mzigo wa mwingine. Jirani anayeomba apelekewe ndugu yake kichupa Riyadh au Doha huenda hana nia mbaya, ila lakabu iliyobandikwa sandukuni ina jina la msafiri. Mbele ya afisa, mwenye jina ndiye mwenye chupa.

Melini

Msafiri aliyevuka malango matatu hukutana na la nne bandarini. Masanduku ya abiria wa meli za kitalii hupitishwa katika mitambo ya ukaguzi kama ya uwanja wa ndege, na mara hii kinachotafutwa si silaha pekee. Mauzo ya baa ni sehemu kubwa ya mapato ya kampuni hizo, nazo hazipendi abiria aje na baa yake.

Kampuni kubwa za Marekani, zikiwemo Royal Caribbean na Carnival, humruhusu kila abiria aliyetimiza umri wa kunywa kuingia siku ya kwanza na chupa moja ya mvinyo ya mililita 750, ambayo haijafunguliwa, na kuibeba mkononi. Pombe kali na bia hazikubaliwi. Kampuni nyingine hukataa vyote. Chupa inayonunuliwa katika bandari za njiani huchukuliwa na wahudumu, ikahifadhiwa na kurejeshwa mwisho wa safari. Kwa kuwa masharti haya hubadilishwa mara kwa mara, ni vyema kuyasoma katika mkataba wa tiketi.

Kwa hiyo anayesafirisha lita 5 za wiski kwa ndege kutoka Nairobi hadi Barcelona au Miami kwa nia ya kuzinywa baharini amejichosha bure. Kama ni zawadi ya mwenyeji wa nchi kavu, aikabidhi kabla ya kupanda meli.

Kwa mfanyakazi, mambo ni mazito zaidi. Marekebisho yaliyopitishwa Manila mwaka 2010 katika mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia yaliweka kikomo cha asilimia 0.05 ya pombe katika damu kwa wanaotekeleza majukumu ya usalama. Katika meli ya abiria, hata mpishi na mtandika vitanda huweza kupewa jukumu la kuongoza watu kwenye mashua za kuokolea. Kampuni nyingi huweka kanuni kali kuliko hiyo, hupima wafanyakazi bila kuwaarifu, na hukataza pombe kali vyumbani mwao. Anayepatikana nayo hushushwa katika bandari inayofuata.

Jinsi ya kufunga

Anayeamua kubeba achague chupa zisizofunguliwa na ahifadhi risiti. Kizibo kizungushiwe utepe wa gundi. Kila chupa ivishwe soksi nene kisha ikunjwe ndani ya leso au sweta, na ilazwe katikati ya sanduku gumu, mbali na kuta na bila kugusana na nyingine. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 28, 2017, hivyo nguo ndizo kinga bora. Wakati wa kurejea, mfuko wa plastiki wa duka la uwanja wa ndege huachwa mlangoni JKIA.

Mambo manne yanatosha kukumbukwa kabla ya kufunga zipu: asilimia iliyoandikwa kwenye lebo, lita zinazosamehewa ushuru mwisho wa safari, sheria ya kila nchi ambamo sanduku laweza kufunguliwa, na sharti la meli. Chupa isiyo na lebo haihitaji kuulizwa hata moja kati ya hayo. Hiyo ibaki nyumbani.